Mawe ya Timu ya Furaha

SAMAIL. Ni Ijumaa, sala ya alasiri imekwisha na jua bado halijapoa. Boza la maji lililobabuka rangi linakwenda kinyumenyume kwenye uwanja wa changarawe, kando ya wadi, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha. Dereva ametoa kichwa dirishani, jicho moja kwenye mlingoti wa goli, jingine kwenye bomba la nyuma linalomwaga maji. Akifika katikati anasimama, anashuka, anashika kiuno.

"Wallahi nshachoka mie," anasema, hata kabla hajaulizwa hali.

Huyu ndiye Machano bin Anuari, mwenye umri wa miaka sitini, muuza maji wa Samail. Siku sita za wiki huwapelekea maji watu wa majumbani na wenye mashamba ya mitende. Siku ya saba humwaga boza zima bure kwenye uwanja wa timu ya Furaha. Asipomwaga, mpira haujachezwa dakika tano vumbi limeshapanda, na majirani wanafunga madirisha huku wakisema maneno yasiyoandikika gazetini.

Boza moja la maji mjini hapa ni rial sita. Ukimwambia apige hesabu ya miaka thelathini, anakukatiza: "Ebu niache, usinitie huzuni siku ya Ijumaa."

Na huzuni leo ipo ya kutosha. Kamati ya ligi ya mitaa imetoa neno la mwisho. Furaha, iliyoshindwa kutimiza wachezaji katika mechi mbili zilizopita, leo iingie uwanjani na watu kumi na mmoja. Akipungua hata mmoja, timu inafutwa, na vijana wake wanahamia timu kubwa ya ng'ambo ya wadi, yenye nyasi za bandia na taa.

Furaha ilianzishwa mwaka 1975 na vijana waliorudi nchi ya mababu kutoka Unguja pamoja na wazee wao. Kiarabu cha wengi wao kilikuwa cha kusalia tu. Machano alifika mwaka huohuo, mtoto wa miaka kumi na mmoja, ameshikwa mkono na mama yake.

"Tulikuwa tukiitwa Waswahili," anakumbuka. "Dukani unaonyesha kwa kidole. Skuli unakaa kimya kama bubu. Lakini mpirani, bwana wee, nani alikuwa na haja ya lugha? Tukipigiana kelele zetu kwa Kiswahili, wapinzani hawajui mpira unakwenda wapi."

Ardhi waliyopewa ilikuwa hii ya kando ya wadi ambayo hakuna aliyeitaka, mawe matupu. Basi wakaanzisha desturi ambayo haijavunjwa hadi leo. Kabla ya kila mechi, timu zote mbili husimama mstari mmoja, bega kwa bega, wenyeji wamechanganyika na wageni, kisha hutembea wameinama kutoka goli hadi goli wakiokota mawe.

"Timu ikijitia kiburi haitaki kuokota, hatuipi maji ya kunywa," Machano anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. "Watainama wenyewe."

Mawe hayo yalirundikwa nyuma ya goli la magharibi. Wadi ikishuka na mvua huleta mengine, nayo yanaokotwa. Leo rundo hilo limekuwa ukuta mrefu, usawa wa kiti, na ndilo jukwaa pekee la watazamaji. Wazee waliouanzisha wengi wamekwishazikwa. Mawe yao bado yanakaliwa.

Machano alikuwa beki wa kushoto, namba tatu, mpaka goti lilipomsaliti. Akaacha kucheza ila hakujua kuondoka. Akawa mwagiliaji, mchora mistari ya chokaa, mshona nyavu. Jezi zinafuliwa na mkewe, Bi Shadya, ambaye hana simile akilizungumzia jambo hilo.

"Nimeolewa na mume mmoja, nafua nguo za wanaume ishirini," anasema. "Nimemwambia, Baba Hala, uwanja ule utakutia kaburini. Mvua ya mwezi wa nne imeshusha mawe makubwa kama masufuria ya halua, na kayatoa peke yake. Akirudi hawezi hata kuvua viatu. Namvua mimi."

Vijana je? Wako Maskati, makazini. Wakitaka mpira wanakodi viwanja vya nyasi hukohuko. Machano hawalaumu. Anasema hata yeye angekuwa na miaka ishirini asingependa kuchubuka magoti.

Magari yanaanza kuingia. Nahodha wa Furaha, Yaarub, kijana wa ofisini mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, anamwendea moja kwa moja.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mko wangapi?"

"Tisa. Shihab yuko njiani."

"Na Osama?"

Yaarub anatazama simu. "Osama kasema inshallah."

"Basi haji huyo," Machano anajibu, anarudi kufunga bomba.

Wageni wao, vijana wa Fanja, wameshavaa. Mstari unapangwa, wanainama, mawe yanaokotwa. Shihab anafika mbio, kamba za viatu hazijafungwa, anajipenyeza katikati yao. Sasa ni kumi. Hud, mjumbe wa kamati, amesimama kwenye mstari wa chokaa. Si mtu mbaya. Anaangalia barabara, anaangalia saa, anaangalia tena barabara. Osama hapokei simu.

Hapo ndipo Yaarub anapokuja na jezi mkononi. Ni namba tatu, imepigwa pasi, inanukia sabuni ya Bi Shadya.

"Ami, vaa."

"Nivae nini?"

"Jina lako halijawahi kufutwa. Kila msimu tukiandikisha wachezaji, tunaanza na wewe. Ni heshima tu, kama mtu anavyomwekea mkubwa nafasi ya mbele. Ustadh Hud kasema ni halali. Simama pale kushoto, ami, wala usikimbie. Ukisimama tu, timu imepona."

Machano anaipokea jezi. Vijana wote wamemkazia macho, na wa Fanja pia. Anaigeuza nyuma, anaigeuza mbele, kidole kinapita juu ya namba. Nani asingetaka? Usiku mwingi ameota anarudi kule kushoto, goti zima, sauti za wenzake zikimwita. Anaweza kuiokoa timu yake kwa kusimama tu.

Anaikunja vizuri, anamrudishia Yaarub.

"La, mwanangu."

"Ami, tafadhali!"

"Nikivaa leo, Ijumaa ijayo mtanivika tena. Na ile nyingine. Furaha ilianzishwa na vijana waliokuwa na hamu ya kucheza. Ikiwa leo inasimama juu ya goti langu hili bovu, basi tunajidanganya. Nimechoka, Yaarub. Siwezi kuibeba timu peke yangu."

Yaarub anageuka upande wa wadi, anajifuta uso kwa jezi ileile. Hud anasogea, anasema kwa upole kwamba mechi ichezwe kwa heshima, lakini uamuzi ni uleule. Hii ni mechi ya mwisho ya Furaha.

Wanacheza kumi. Machano anapanda taratibu kwenye ukuta wa mawe, anakaa. Miaka yote ametumia mechi kufukuzia mipira iliyoangukia wadini na kumwagilia pembe zilizokauka, na hapa hajawahi kukaa. Furaha inafungwa mabao matatu kwa moja. Hilo moja, la Shihab, linamwinua Machano na goti lake lote, anapiga ukelele wa Kiswahili wa enzi zile wapinzani walipokuwa hawauelewi. Kisha anakaa, machozi yanamtoka, na hajifichi.

Firimbi ya mwisho inalia. Badala ya kuelekea magarini, Yaarub anakwenda kusimama kwenye mstari wa goli. Shihab anasimama ubavuni mwake. Mmoja mmoja wengine wanajiunga, na vijana wa Fanja nao, mpaka mstari unatimia. Wanainama, wanaanza kutembea.

"Nyie!" Machano anawapigia kelele. "Mechi imekwisha! Mnamwokotea nani?"

"Watoto wa mtaa huu, ami!" Yaarub anajibu bila kuinua kichwa. "Wao wanacheza peku."

Wanafika ukutani, mikono imejaa. Machano anajisogeza kuwapisha waweke mawe yao.

Akiulizwa atafanya nini Ijumaa ijayo, hafikirii mara mbili. "Nalala! Natoka msikitini, nakula wali wangu, nalala mpaka magharibi. Miaka thelathini sijaujua usingizi wa Ijumaa. Bi Shadya atadhani nimekufa."

Anashuka, anachechemea hadi kwenye boza, anapanda, anawasha. Gari linanguruma, halijaondoka. Kichwa kinatoka tena dirishani.

"Yaarub! Hao watoto, wanakuja saa ngapi?"