Mguso kutoka benchi tupu

Katika miaka ya tisini nilikuwa Brussels nikiandika tasnifu juu ya walimu wa upanga wa karne za nyuma, wale waliopanda jukwaani kukatana mbele ya umati wa walevi, mara tu mbwa walipomaliza kumrarua dubu kuuburudisha umati huohuo. Msimamizi wangu alisema naandika kama mtu asiyewahi kushika hata kisu cha mkate. Nikajiunga na ukumbi mmoja wa mchezo wa upanga nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, ambako upanga mmoja wa majukwaa yale ulining'inia ukutani. Mwalimu, mzee wa Kibelgiji, hakumpa mtu kuushika mpaka amwamini. Nami bila kuushika sikuwa na sura ya mwisho ya tasnifu.

Mwenzangu wa chumba kule Evere, mtu wa Bukavu, alinitazama nikijaribu lile koti jeupe la mchezo. "Bon, mukubwa, iyo tumbo utaificha wapi bakianza kukutoboa?"

Ukumbi ule haukuwa na mwamuzi. Aliyeguswa na ncha ya upanga ndiye aliyepaswa kusimama, kuinua mkono na kukiri. Aliyeficha alionyeshwa mlango.

Alasiri moja ya baridi tulibaki wawili. Mwalimu alikuwa amerudi nyuma, mbali nami, ncha ya upanga wake ikitazama sakafu. Hapo kitu kikanigusa mgongoni, chini ya bega la kushoto, taratibu, kama kidole kinachobisha hodi. Nikageuka. Kulikuwa na benchi tupu na ukuta, na sauti ya chini sana, kama watu wengi wanaovuta pumzi kwa pamoja. Mabomba ya joto, nilijiambia. Msomi hakosi mabomba ya kusingizia.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye digrii mbili amwambie mwalimu kwamba ameguswa na hewa, kisha atarajie kukabidhiwa ule upanga wa ukutani? Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuinuka.

"Nimeguswa," nilisema.

Hakucheka. "Wapi?"

Nikamwonyesha. Akavua wavu wa usoni, akalisalimu benchi kwa upanga, kama tunavyosalimiana sisi kabla ya kuanza.

"Huwa anaanzia hapo," alisema. "Wengi wakiguswa naye wananyamaza."

Kisha akauteremsha ule wa ukutani, akanikabidhi. Ulikuwa mzito, makali yake yamejaa mapengo. Katika tasnifu nilieleza uzito, urefu na mapengo, nikasifiwa. Sikuandika kwamba mpini ulikuwa na joto, kama kiti cha tramu ambacho mtu ameinuka sasa hivi.