Usukani wa Bwana Sentimita

Kama kuna mtu mtaani aliyewasumbua wenzake kwa vipimo, basi ni Bwana Sentimita. Miaka arobaini alishona suti, na akiona koti lako limekaa upande hanyamazi. Atakufuata mpaka kituo cha basi akueleze. Macho yalipoanza kufanya ukungu alifunga cherehani, akatangaza kwamba sasa anatengeneza mashua ya tanga nyuma ya nyumba. Watu walicheka mpaka basi. Hakuwaambia kwamba anaogopa, kwamba alitaka kujua kama mikono yake bado ni ya fundi au imebaki ya kushikia kikombe cha chai tu.

Kusema kweli, faibaglasi ilimpokea vizuri. Ni kitambaa, sema kinawasha. Unakikata kwa mkasi, unakilaza kwenye kalibu, yaani umbo la kukipa sura, iliyopakwa nta, unakilowesha resini, ile gundi ya majimaji, kwa brashi, na kikikauka unabandua kitu kigumu kama bati. Bodi la mashua likatoka safi. Ukabaki usukani, ambao hutengenezwa vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, halafu vinagundishwa. Akachonga kalibu, akatoa cha kwanza, akatoa na cha pili, akajipongeza.

Alhamisi asubuhi akavishika avibananishe. Upande mnene wa hiki ukaangukia upande mwembamba wa kile. Akageuza, wapi. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Ndipo akagundua: vyote viwili vilikuwa vya kushoto. Alivitoa kwenye kalibu moja, akasahau kabisa kwamba cha kulia kinahitaji kalibu yake. Kosa ambalo hata aliyeshika mkasi jana halifanyi. Akaketi juu ya debe la resini. Kumbe si macho tu, alijiambia, na kichwa nacho kimekwisha. Akavifunika kwa gunia, akaamua kuiuza mashua ilivyo.

Mkewe, muuguzi mstaafu, hafichwi kitu. Mchana alikuja kumwita chakula, akamkuta mzee kanuna na gunia limetuna. Akafunua, akavilinganisha, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Cheka tu, bibie," mzee akasema. "Nimezeeka. Mambo haya si yangu tena."

"Umezeeka wapi? Ngoja."

Akaingia ndani, akarudi na picha yao ya harusi, akaifuta vumbi kwa gauni. "Hebu uangalie huo mkono wako wa kulia."

Bwana harusi mwembamba, ndani ya koti alilojishonea mwenyewe, mkono wa kulia umejikunja nyuma utadhani anaficha kitu.

"Nilikuwa na wasiwasi siku ile."

"Wasiwasi gani. Koti lina mikono miwili ya kushoto. Niliona ulipokuwa unanivisha pete, nikajiuma midomo, maana ningecheka ungekimbia. Miaka thelathini na tisa nasubiri uone mwenyewe. Na hapo una miaka ishirini na sita, unatunga uzi kwenye sindano hata gizani. Uzee unaingilia wapi, baba? Ndivyo ulivyo, na ndivyo nilivyokuchukua."

Bwana Sentimita aliisogeza picha kwenye mwanga, akaufuata mshono wa bega kwa kidole. Ni kweli. Akacheka hadi machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu afunge cherehani akajisikia mwepesi. Chakula kilipoa huko mezani. Mzee alikuwa keshachukua ubao kuchonga kalibu ya pili, na mkewe kasimama nyuma yake, akihakikisha kwamba hii ni ya kulia kweli.