Mkondo wa Penye Matete

Watu waliomjua Dada Mkubwa tangu zamani wangeapa kwamba mwanamke yule hajui kuinamisha uso. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na siku mwalimu mkuu alipothubutu kusema maharage hayajaiva, alimkabidhi mwiko mbele ya wanafunzi wote: "Haya, mwalimu, yaivishe wewe." Tangu siku ile, aliyefungua kinywa jikoni kwake alifungua kwa kula tu.

Kiburi hicho alikilipia. Mama yake alifariki yeye akiwa mwali, akamwachia mdogo wake wa kiume aliyepofuka kwa surua kabla hajajua kutembea. Wachumba walikuja. Wakaambiwa anayetaka chungu achukue na kifuniko chake, wakaaga vizuri na wasirudi. Dada Mkubwa akamlea yule mtoto, akampeleka shule ya wasioona, akahangaika mpaka akampatia kazi ya kupokea simu hospitalini. Huko ndiko alikopewa jina la Simu. Aliwajua madaktari wote kwa sauti zao, na mtu akipiga huku analia, Simu alimtuliza kwanza ndipo amuunganishe. Kisha ikaja mitambo mipya, simu zikajipokea zenyewe, naye akarudishwa nyumbani. Akawa mtu wa kitanda na redio. Ndevu zikamwota, hana habari nazo.

Jirani ndiye aliyewaambia habari za klabu ya bwawani. Kila Jumamosi watu wenye ulemavu walifundishwa kuendesha mashua ndogo za tanga, zenye chuma kizito tumboni ili zisipinduke. Gatini palikuwa na winchi ya mkono ya kumshusha aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mwalimu wao alikuwa fundi bomba mstaafu mwenye mkono mmoja, nao walimwita Kocha. Kila mashua ilikuwa na viti viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Wa mbele ndiye nahodha. Kamba ya usukani ilizunguka ndani ya mashua yote ikipita karibu na mikono ya wote wawili, ili wa nyuma aokoe mambo yakiharibika kabisa. Zaidi ya hapo Kocha hakutaka utani.

"Wa nyuma, mdomo ni wako," alisema. "Sema kuna nini mbele, kulia, kushoto. Mikono ikae magotini."

"Sawa," akasema Dada Mkubwa, kwa ile sawa ya mpishi anayeambiwa apunguze chumvi.

Siku hiyo ya kwanza Simu aliinua shavu akausikiliza upepo, na tanga likajaa. Walipofika upande wa matete, mashua ikaanza kusogea kulia, na Dada Mkubwa akayaona mawe meusi katikati ya yale majani. Angeweza kusema. Ulimi alikuwa nao, tena si mfupi. Lakini mkono ulitangulia. Mkono uliomkinga mtoto yule na moto, na ngazi, na baiskeli za watu, haukuzoea kungoja ruhusa. Ukaidaka kamba, ukavuta kushoto.

"Umesikia, Dada?" Simu akasema, uso umechanua. "Hapa maji yanavuta!"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Lakini aliyatazama yale meno, ambayo hayakuwa yameonekana tangu siku za hospitali, akajibu, "Yanavuta kweli."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi, wakifika penye matete, mkono wa dada unavuta kushoto na mkono wa mdogo mtu unakaza kulia, na dada naye anaongeza nguvu. Simu akanyoa ndevu. Siku moja ya upepo mkali aliirudisha mashua salama, Kocha akamsifu mbele ya wote. Akawapigia wenzake wa zamani: "Kuna mkondo pale, bwana. Mwenye macho hauoni, lakini mimi mkono wangu unausikia kabla haujafika." Dada Mkubwa akisikia maneno hayo alinyanyuka kwenda kuosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Hata maji aliyojimwagia usoni hayakumpoza aibu. Mara nyingine alijiambia Jumamosi hii sigusi, na Jumamosi ikifika, matete yakitokea, anagusa.

Ikafika siku wageni wa klabu walipokaribishwa. Miongoni mwao alikuwa mwoka mikate, jitu la watu lililokatwa mguu kwa kisukari, mpole, anayeogopa maji kama paka. Kocha akamwambia Simu awaeleze wageni kidogo. Simu akasimama, akarekebisha kola.

"Bwawa lina tabia zake," alisema. "Penye matete kuna mkondo unaovuta kushoto. Usishtuke. Kaza kulia mapema, utapita."

Kocha akakunja uso. "Mkondo? Bwawa hili? Miaka yote mimi sijauona."

Mshona viatu, mwenye kiti cha magurudumu na ulimi usiokuwa na breki, akaangua kicheko. "Simu, namba unayopiga haipatikani!"

Watu wakacheka. Simu naye akacheka, lakini masikio yalimwiva. Akageukia alikodhani dada yake amesimama. "Dada, waambie."

Wote wakamtazama. Mwanamke aliyempa mwalimu mkuu mwiko alitafuta ulimi wake hakuuona. Akaona amwokoe mdogo wake na kicheko kile, angalau kwa leo. Akasema, "Unavuta. Nimeuona mimi mwenyewe."

Kocha hakubisha na mama mtu mzima. "Haya, Simu, mpeleke mgeni ukamwonyeshe. Mimi nawafuata na boti ya injini."

Mwoka mikate akateremshwa kiti cha nyuma, ameshika magoti yake kama alivyoagizwa. Dada Mkubwa alibaki gatini. Miguu ilitaka kukimbia, ila haikujua iende wapi. Kabla hajapata la kusema, tanga lilikuwa limekwisha kujaa.

Upepo ulikuwa mdogo na sauti zilikuja waziwazi juu ya maji.

"Matete hayo, kaka! Matete kulia!"

"Tulia, mzee wangu. Sasa hivi yatavuta kushoto. Mimi nakaza."

"Hayavuti! Kaka, hayavuti! Mawe!"

Mashua ikajikita ndani ya matete kwa mlio wa kitu kinachokwaruzwa tumboni. Tanga likapigapiga ovyo. Hakuna aliyeumia. Mwoka mikate alipiga kelele mpaka Kocha alipowafikia, akawafunga kamba na kuwavuta. Njia nzima ya kurudi mikono ya Simu ilikuwa juu ya kamba ya usukani, anaipapasa taratibu, mbele na nyuma.

Alipopandishwa gatini hakuuliza dada yuko wapi. Alisema tu, "Dada. Ulikuwa wewe?"

Mshona viatu akafungua kinywa, akakifunga.

"Ni mimi," akasema Dada Mkubwa.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na siku ya upepo mkali? Kocha aliponisifu?"

"Siku ile nilishika kiti kwa mikono yote miwili, nimefumba macho. Ulituleta wewe peke yako. Haki ya Mungu, mdogo wangu."

"Nitajuaje?"

Swali lile ndilo lililomchoma kuliko macho ya watu wote pale. Kweli moja aliyokuwa nayo ilikuwa haina shahidi, na shahidi pekee alikuwa mwongo. Akamwendea mwoka mikate akamwomba radhi. Akamwomba Kocha. Uso wake ulikuwa chini, na hakuna aliyewahi kuuona hivyo.

"Jumamosi ijayo," Simu akamwambia Kocha, "nitafutie mtu mwingine wa nyuma." Akaikunjua fimbo yake, akaanza kuondoka.

Dada Mkubwa akamfuata. Siku zote alishikwa kiwiko na mdogo wake njiani. Leo kiwiko kilining'inia bure. Walipita duka la vipuri, wakapita kinyozi, yeye hatua kidogo nyuma. Mbele palikuwa na mfuniko wa mtaro uliong'olewa, shimo wazi, na Simu alikuwa akielekea huko huko. Mkono ukaruka. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaubana kifuani mpaka ukauma.

"Mbele yako kuna shimo," akasema. Sauti ilitoka imekwaruza. "La mtaro. Pita kulia."

Simu akasimama. Hakupita kulia. Akainyoosha fimbo, akalitafuta lile shimo, akalipata, akalizunguka ukingo wake wote kwa ncha, bila haraka. Ndipo akapita kulia.

Wakaendelea. Kila alichosema dada, mdogo wake alikigonga kwanza kwa fimbo, iwe nguzo, ngazi au toroli la mchuuzi, naye Dada Mkubwa akasimama kila mara kungoja, mikono kwapani, watu wanapita wanawatazama.