Baba wa Filamu

Wiki iliyopita nilikuwa Mbarara, nimetumwa sabuni na betri za redio, nikapita mbele ya baa moja karibu na stendi. Ndani mtu alikuwa anavunja mipira ya pool. Ule mlio, kwaa, halafu mipira inatawanyika kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani, ulinishika miguu. Nikasimama pale na mfuko wangu. Mama muuza ndizi akaniuliza, "Nyabo, mama, wewe natafuta nani?" Nikamwambia sitafuti mtu. Basi ngoja nikuambie wewe, rafiki yangu, kwa sababu nimekibeba kisa hiki kimya tangu nikiwa na miaka kumi.

Kwetu Nakivale, kambini kwa wakimbizi, kulikuwa na meza moja tu ya pool. Mwenyewe alikuwa mtu wa Kabingo. Aliileta juu ya lori la matoke, imefunikwa turubai, na sisi watoto tukaikimbilia nyuma tukidhani ni jeneza la mtu mkubwa. Akaiweka chini ya bati kando ya barabara, na kuanzia hapo vijana wakapata kanisa lao. Bibi yangu, mama wa maombi ambaye hakukosa ibada hata siku ya malaria, aliitazama mara moja tu. "Meza yenye haiwekwe chakula," akasema, "hiyo haiko meza." Kaka yangu alicheka, akamalizia sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo, akaenda kucheza.

Tulikuwa watatu ndani ya nyumba ile ya udongo: bibi, kaka na mimi. Mama alifia njiani, tulipokuwa tunatoka Kivu ya Kusini. Baba aliuawa nyumbani kabla sijazaliwa, na kaka, aliyekuwa mtoto wa miaka saba, aliona. Hakuwahi kunisimulia. Alikuwa kijana wa maneno machache, anacheza kwa mkono wa kushoto, na akiinama juu ya meza hata mbwa walinyamaza. Tulikuwa na shangazi mmoja ng'ambo, binti pekee wa bibi aliyebaki hai. Kesi yetu, yaani maombi ya kuhamishiwa kwake, ilikuwa imefika ofisi ya wakimbizi, tunangoja kuitwa kwa mahojiano. Bibi alishakunja kitenge chake kizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Kila jioni akipepeta maharage alituambia jinsi shangazi alivyokuwa mdogo, jinsi alivyoogopa kuku.

Halafu akaja mwalimu na kamera yake.

Mwalimu alitufundisha hesabu siku za kazi, na Jumamosi alipiga video za harusi kwa kamera aliyonunua Mbarara, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine mpaka kifuniko kikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Siku moja akatuambia darasani, "Kila mara wageni banatupiga picha tukiwa mu foleni ya unga. Hakuna mutu ametupiga picha tukiwa tunashinda." Akaamua kutengeneza filamu ya wachezaji wa pool. Kisa chake kilikuwa chepesi: kijana mkimbizi anatoka Nakivale kwenda kushindana na bingwa wa Mbarara, na kabla hajapiga mpira wa mwisho, baba yake aliyedhaniwa amekufa vitani anaingia mlangoni. Kijana ni kaka yangu. Nani mwingine?

Tulipiga picha asubuhi, kabla wateja hawajaja. Mtu wa Kabingo aliketi kwenye kreti ya soda akinung'unika, "Nyinyi nacheza, nacheza, na hakuna mutu nashinda. Hii ni mchezo gani?" Alikuwa na haki. Kamera ilikuwa moja, kwa hiyo kila pigo lilichezwa upande huu, halafu likarudiwa upande ule, na mipira ilipaswa kurudi palepale ilipokuwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na daftari la mistari ya mraba. Nilichora meza, nikaweka alama za nyekundu na njano, na mwalimu akisema "tena," mimi ndiye niliyepanga. Ofisa wa mipira, waliniita. Nilikosea mara moja tu, na katika filamu iliyokamilika mpira mmoja wa njano unaingia shimoni halafu unaonekana tena mezani. Watu ndani ya kibanda cha video walipiga kelele, "Umefufuka! Haleluya!"

Kosa la kweli lilikuwa lingine, na hakuna aliyeliona. Mwalimu alimpa kila mwigizaji jina la bandia, lakini waigizaji walikuwa majirani zetu tu, wakasahau. Mama muuza chapati alimwita kaka kwa jina lake halisi mara nne mfululizo, betri inakwisha. Mwalimu akachoka. "Basi, kila mutu abakie na jina lake!" Tukabaki na majina yetu. Na baba wa filamu, kama ilivyo desturi yetu, akaitwa baba fulani, na huyo fulani ni jina halisi la kaka.

Baba huyo alikuwa fundi cherehani wa kando ya barabara, mtu wa mke na watoto wanne, aliyechaguliwa kwa sababu ndiye pekee mwenye koti. Tulipanda lori la matoke, sote na kamera, mpaka Mbarara, tukala roleksi, chapati za mayai za moto zilizotuunguza vidole, tukaingia baa iliyotupa ruhusa ya asubuhi moja. Pale mwalimu akanitazama na daftari langu, akasema, "Kijana awe na dada mudogo. Baba akiingia, weye kimbia kwake, umuite."

Nikakimbia. "Baba!" Lori likapiga honi, tukarudia. "Baba!" Mtu akapita na kreti za bia, tukarudia. Mara nane, rafiki yangu. Mara nane mtu mzima aliyenuka mafuta ya mashine na pasi ya makaa alinipokea, akaweka mkono kichwani pangu, akasema, "Binti yangu, nimerudi." Mara ya tatu niliacha kuigiza, nikalia kweli. Kaka alipaswa naye kusema baba. Alisimama ameshika fimbo, akaangalia sakafu, mdomo haukufunguka. Mwalimu akapiga makofi. "Ça va! Unaigiza muzuri sana!"

Filamu ilipooneshwa kwetu, watu walilia na kucheka, halafu mzaha ukaota mizizi. Nikipita na jerikani ya maji, watoto waliimba, "Yatima ya uongo, baba yake anashona!" Fundi naye aliupenda mzaha. "Binti yangu, umekula?" aliniuliza kila siku juu ya cherehani, akanipa mabaki ya vitenge nishonee mwanasesere. "Ndiyo, baba." Mkewe alicheka tu. Kaka peke yake hakucheka. "Acha mambo ile," aliniambia. "Ile iko filamu."

Tukaitwa kwa mahojiano. Familia nyingine zilifanya mazoezi wiki nzima, nani aseme nini. Bibi alikataa. "Kweli haifanyiwe mazoezi," alisema. "Mukiulizwa, museme kile munajua." Akavaa kile kitenge. Pale ofisini tuliingizwa mmoja mmoja. Mimi nilikaa mbele ya mama mmoja mpole mwenye kalamu na mkalimani aliyenitabasamia. Akaniuliza baba yangu yuko wapi.

Ningependa kukuambia kwamba sikuelewa swali. Nililielewa. Nilijua kile bibi alichokuwa amekisema, nilijua aliyelala Kivu. Lakini hakuna mtu mkubwa, mwenye meza na karatasi, aliyewahi kuniuliza swali lile na kungoja jibu, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na la kujibu. "Baba eko," nikasema kwa furaha. "Ni fundi. Anashona kule ku barabara."

Kalamu ikaandika.

Bibi alikuwa amesema mwanawe ameuawa. Kaka alikuwa amesema ameona kwa macho yake. Wakaitwa tena, na kaka akaeleza habari ya filamu, akacheka kidogo kwa aibu, hakuna aliyecheka naye. Mwalimu akapeleka diski ili kututetea. Wakaitazama. Wakamwona kaka kwa jina lake halisi, wakamsikia fundi akiitwa baba kwa jina hilohilo, wakaniona mimi nikilia kifuani mwake, na machozi yale, kama nilivyokuambia, hayakuwa ya kuigiza. Mwalimu alikuwa amefanya kazi nzuri kuliko alivyojua.

Kesi yetu ikasimamishwa. Fundi naye, aliyekuwa na kesi yake, akaitwa aeleze kwa nini alificha watoto wawili. Jioni ile nilikwenda kwake kama kawaida. Hakuinua uso kutoka kwenye kitambaa. "Mutoto," akasema taratibu, "usiniite tena vile. Na usikuye tena hapa." Mkewe akasogeza kiti alichozoea kunikalisha, akakiingiza ndani.

Nyumbani nilingoja fimbo. Bibi hakunipiga. Aliniuliza mara moja tu, "Mbona ulisema vile?" Nikamjibu, "Nilitaka." Akatazama moto mpaka maharage yakaanza kuungua, halafu akaniambia nilete chumvi. Ningepigwa ningelia nikamaliza. Ile chumvi sijamaliza kuileta mpaka leo.

Bibi alingoja miaka mitano. Kila orodha ya wanaosafiri ilipobandikwa alikwenda ubaoni, na kwa kuwa hakujua kusoma, aliniomba mimi nimsomee. Mimi! Nilisoma majina ya watu wote mpaka mwisho, na kila mara alisema, "Rudia, pengine umeruka." Alikufa msimu wa mvua. Shangazi alilia kwenye simu ya jirani, na hatukuweza kumwonesha hata kaburi. Kaka aliacha pool, akaenda Mbarara kupakua magunia. Hajawahi kunilaumu, hata kwa jicho, na sijui kama huo ni upendo au ni uchovu.

Ukienda kwetu leo hutaikuta meza. Mtu wa Kabingo aliihamishia Oruchinga. Kibanda cha video kimekuwa ghala la mahindi. Mwalimu aliuza kamera. Diski ilibaki ofisini ndani ya faili, na kama kuna mahali popote duniani ambapo bado nina baba, ni humo, kwenye kabati la watu wengine.

Fundi aliruhusiwa kusafiri mwishowe, baada ya kucheleweshwa miaka mitatu kwa sababu yangu. Asubuhi ya safari yao kijiji kizima kilitoka. Basi likawashwa, watu wakapunga mikono, kila mmoja akimwita kwa namna yake: fundi, jirani, shemeji, ndugu katika Bwana. Alikuwa dirishani, koti lilelile mwilini, akitutazama mmoja mmoja mpaka macho yake yakafika kwangu. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na neno moja tu, na alikuwa amenikataza. Basi likaondoka.