Barabara ya Mama Kutembelea

Mama alipopatwa na kiharusi, daktari alimwambia atembee kila siku ili mguu uliolegea usikauke. Mtaa wetu uko juu ya mlima, kusini mwa Kampala, na mahali pekee penye tambarare palikuwa barabara iliyopita ukingoni mwa ziwa. Kila jioni Baba, polisi mstaafu, alimshusha kwa gari la jirani, wakatembea taratibu, Baba amemshika kiwiko. Upande wa majini hapakuwa na nyumba hata moja. Maharusi walikuja kupigwa picha, na mama mmoja Mkongo alikaanga samaki chini ya mwavuli.

Kisha malori yakaanza kumwaga kifusi kwenye mafunjo. Tukasikia kwamba mwekezaji atajenga hoteli, na barabara itahamishiwa nyuma, mlimani.

Tulikutana kwenye uwanja wa kanisa. Watu walisema mengi, lakini ninalolikumbuka ni la yule mama wa samaki. "Kwetu nilikimbia vita," alisema. "Hapa nikimbie tena, niende wapi? Ndani ya maji?"

Tulichagua watu wa kwenda ofisi ya serikali, Nakasero, mimi na Baba tukiwamo. Bwana aliyetupokea alikuwa mpole.

"Mradi ulishapitishwa, wazee wangu. Wakati unajadiliwa mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa pale pale barabarani," Baba akajibu. "Hakuna aliyekuja kutuuliza."

Yule bwana alitikisa kichwa kama mtu anayetoa pole msibani, akatusindikiza hadi mlangoni.

Siku tingatinga lilipokuja, tuliketi barabarani. Baba alimletea Mama kiti cha plastiki, akasimama nyuma yake. Karibu na adhuhuri polisi wakafika. Mkubwa wao, kijana tu, alimtambua Baba, akampigia saluti.

"Jambo, afande."

"Jambo, kijana."

"Afande, naomba umwondoe mama. Sisi tumetumwa."

"Najua," Baba akasema. "Hata mimi nilikuwa natumwa."

Akainama, akamwinua Mama. Walipoondoka wao, wengine nao wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakipangusa vumbi nguoni. Hakuna aliyepigwa. Nadhani ingekuwa afadhali tungepigwa.

Nilimfuata Baba nikiwa nimejaa hasira. "Mbona umeondoka? Watu wote walikuwa wanakutazama wewe!"

"Ningebaki, wangembeba mama yako mikono na miguu," alisema. "Nimewahi kuona watu wakibebwa hivyo."

Kesi tuliyofungua iliahirishwa mara nyingi, mpaka wakili akaacha kupokea simu zetu. Mabati yakazungushwa, halafu ukuta wa mawe. Mama wa samaki alihamia Bukoto, mbali na ziwa, anauza mbele ya duka la mtu, na samaki ananunua sokoni kama sisi sote.

Barabara mpya ina lami nzuri, lakini ni mwinuko mtupu. Mama aliijaribu mara moja, akafika kwenye kona ya kwanza, akaomba arudishwe nyumbani. Baada ya hapo alitembea uani, kutoka jikoni hadi kwenye tangi la maji, kisha akawa anakaa tu. Mguu ukakauka.

Baba bado huvaa viatu vyake jioni ikifika. Huketi navyo barazani hadi giza liingie, halafu huvivua.