Njia ya Mkato ya Mwalimu Chan

Mwalimu Chan Wen-pin wa mji wa Changhua alikuwa na suti mbili na kiburi kisichoenea chumbani. Kila jioni alisimama mbele ya darasa la masomo ya ziada la mwajiri wake Bi Lai, kipaza sauti shavuni, akiwafundisha watoto wa watu kuzipa majina kampaundi za kaboni kwa kile alichokiita njia ya mkato. Mkato gani! Uvivu mtupu uliovalishwa tai.

Kanuni yenyewe haina makuu. Unatafuta mnyororo mrefu kuliko yote wa kaboni, huo ndio unaotoa jina la ukoo. Kisha unahesabu kuanzia upande ulio karibu na tawi, ili tawi lipate namba ndogo. Ila mnyororo nao hupinda, na kufuata kona kunataka subira, kitu ambacho Chan hakuwa nacho hata cha kuazima.

"Hesabuni mstari ulionyooka, kushoto kwenda kulia!" alikuwa akifoka. "Kona ni za wajinga. Nani hapa anataka kuwa mjinga?"

"Hakuna!" waliitikia watoto, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Pei-shan, bintiye wa kumzaa, pale kiti cha mbele. Msichana huyo aliitaka famasia kufa na kupona, na bila alama za kemia mlango wa famasia haufunguki.

Kwa miaka mingi mitihani ilimsitiri Chan. Minyororo ilikuja imenyooka, naye akajiona bingwa. Bahati ya mtu mvivu hiyo, akaiita akili.

Basi siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, akajipanga langoni pamoja na walimu wenzake wa masomo ya ziada, kama ilivyo ada, wakingoja waandishi wa habari waje kuwauliza majibu. Karatasi ilipotolewa akaona kaboni tano zimepangwa mstari, na nyingine mbili, moja chini ya mwenzake, zinaning'inia chini ya ile ya pili.

"Rahisi mno!" akaiambia kamera, hata mate hajameza. "Mnyororo wa tano, tawi la mbili. Pentani hiyo. Aliyekosa hapa arudi chekechea."

Mwalimu wa darasa shindani, aliyekuwa kando yake, alicheka hadi akapaliwa na chai. "We bwana, anzia chini! Panda, kata kona, nenda kulia. Sita hizo! Ni heksani, ina tawi la kaboni moja kwenye ile ya tatu. Lo, na wewe ndiye mwalimu?"

Chan akahesabu kimoyomoyo. Sita. Masikio yakamwiva. Angesema tu "nimekosea", na neno hilo halijamwua mtu. Thubutu!

"Mimi kona nilifundisha," akasema, mkavu kabisa. "Tatizo ni watoto wa siku hizi. Hawasikilizi."

Pei-shan alikuwa ametoka chumba cha mtihani, amesimama nyuma ya kamera, na amesikia yote. Akapenya katikati ya watu, macho mekundu, hadi kwenye kipaza sauti.

"Mimi nilisikiliza, baba," akasema. "Nilihesabu sita, nikaandika sita. Halafu nikakukumbuka wewe, nikafuta."