Msemaji wa Upande Mmoja

Shule niliiacha mapema, lakini maneno mapya bado nayafuata popote. Neno la Kiingereza "introduce" nililikuta kwenye kamusi iliyochanika, nikashangaa: neno moja tu linawafanya wageni wawili wajuane!

Juzi, kwenye gereji ya Buyenzi ninapofanya kibarua, alikuja mama kutoka Kampala akitafuta fundi wa kumtengenezea malori yake. Mzee Rajabu, mwenye gereji, hajui Kiingereza.

"We si unajua? Tufahamishe mimi na huyu mama," akaninong'oneza. "Ukiweza, nakupa kazi ya kudumu."

Kwetu, siku ya posa, kila upande una msemaji wake. Basi nikasimama, nikamweleza yule mama habari za Mzee Rajabu kwa Kiingereza changu chote: baba yake, babu yake, injini alizozifufua, hadi safari yake ya Hija. Yule mama alinyoosha mkono, akangoja, akaurudisha. Nilipomaliza nikaketi kwa adabu, nikisubiri msemaji wa upande wake ainuke.

Hakuna aliyeinuka. Alikuwa amekuja peke yake.

"Sasa huyu mama anaitwa nani?" Mzee akauliza.

Nilikuwa sijamuuliza.

"Walahi! Mi najijua tangu zamani, bwana. Umenifahamisha kwa nani?"

Mafundi wakaangua kicheko. Yule mama akanyoosha mkono tena, akasema, "Grace."

"Rajabu," Mzee akajibu.

Walikuwa wameshajuana, na mimi msemaji nilikuwa bado nimeketi.